Kalanga na ukurasa wa michezo

Jumamosi jioni nilinunua kalanga za kukaanga kwa mama mmoja pembeni ya soko la Kenya, hapa Lubumbashi. Zilikuwa ndani ya karatasi iliyosokotwa kama pembe, ile ya siku zote. Nilikuwa nimeshamaliza nusu, natembea, ndipo nikaona chumvi na mafuta vimetokeza herufi. Neno la kwanza lilikuwa mi-temps, mapumziko ya mechi kwa Kifaransa. La pili lilikuwa nusu ya jina langu.

Nikasimama. Nikamimina kalanga zilizobaki mfukoni, nikakunjua karatasi juu ya goti. Ulikuwa ukurasa wetu wa michezo. Gazeti lenyewe lilikufa miaka mingi iliyopita na sitalitaja jina, kwa sababu wenye nalo bado wako mjini na madeni yake pia bado yako mjini. Lakini karatasi ile niliitambua hata kabla ya kusoma: wino uliojaa mno upande wa kushoto, maana mashine ya kupiga chapa ilikuwa imechoka, na safu tatu zisizolingana.

Ilikuwa habari ya derby, Mazembe na Lupopo, timu mbili kubwa za mji huu. Nilisoma maneno yangu mwenyewe kama ya mtu mwingine. Jua lilikuwa kali, uwanja ulijaa, kuna beki alipewa kadi ya njano ambayo mimi niliiona ya uonevu. Halafu "bao lile", halafu "bao la pili". La nani? Kichwa cha habari kilikuwa kimechanika pamoja na matokeo. Nimekaa na ukurasa ule usiku mzima na mpaka sasa sijui nani alishinda mechi niliyoiandika mimi.

Niwaeleze ninyi vijana tulivyokuwa tukifanya. Mechi inachezwa Jumapili. Unarudi kwa miguu, unaandika kwa mkono usiku, umeme ukikatika unawasha mshumaa. Jumatatu asubuhi unapeleka kwa dada anayechapa kwenye kompyuta, mchana kwa mpiga chapa, ambaye hakubali kuanza mpaka aone pesa ya wiki iliyopita. Gazeti linatoka Jumanne, mambo yakienda vizuri. Jumanne! Mji mzima ulishajua matokeo tangu dakika ya tisini, kwa redio na kwa kelele za mtaa wa Kamalondo. Hata hivyo watu walikuja. Walikusanyika mbele ya meza ya muuza magazeti katikati ya mji, wale tunaowaita parlementaires debout, wabunge wa kusimama, ishirini wakisoma vichwa vya habari na mmoja tu akinunua. Walikuja kuona nimesema nini, wapate kunikatalia. "Uko wa Lupopo, weye!" Juma linalofuata: "Mazembe walikupa ngapi?" Nikitukanwa na pande zote mbili katika mwezi mmoja, nilijua kazi inakwenda.

Mapenzi haya niliyapata nyumbani. Baba alikuwa mfanyakazi wa Gécamines, kampuni ya serikali ya madini, na chini ya godoro alihifadhi matoleo ya Mwana Shaba, jarida la kampuni. Alikuwa na France Football moja pia, jarida la mpira la Ufaransa, haina jalada, aliyoipata kwa Mzungu mmoja wa kiwandani. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikitoa Mpira wa Dhahabu wa Afrika, na mwaka 1973 ulikwenda kwa Bwanga Tshimen wa Mazembe. Baba alilisema jina hilo kama mtu anayetaja ndugu aliyejenga nyumba ya ghorofa. Ni yeye pia aliyenisimulia fainali ya kombe la vilabu vya Afrika ya 1967, wakati Mazembe bado inaitwa Englebert. Walitoka sare na Asante Kotoko ya Ghana, 1–1, kisha 2–2. Ikapangwa mechi ya tatu huko Cameroon. Kotoko hawakutokea, kwa sababu chama chao cha mpira hakikuwapa habari ya tarehe. Kombe likaja kwetu. Baba alicheka kila mara akifika hapo: kombe la kwanza la Afrika la mji huu tulilipata kwa sababu habari haikufika. Kotoko walilipiza kisasi mwaka 1970, Kinshasa, 2–1, na hapo baba hakucheka.

Lakini tusijidanganye kwamba zamani kulikuwa na waandishi malaika. Mwana Shaba ilikuwa sauti ya mwajiri. Englebert ilikuwa jina la matairi, na tuliliimba. Gazeti kubwa la mji huu, lililoanzishwa na wakoloni kwa jina la L'Essor du Congo, lilikuja kuitwa Mjumbe wakati wa Mobutu, na mjumbe yule alijua vizuri ametumwa na nani. Mimi mwenyewe nilipokea kupage. Neno hilo halihitaji maelezo kwa mtu wa Congo, ila kwa wageni: ni bahasha anayopewa mwandishi na mtu anayeandikwa, inaitwa "ya usafiri" hata kama ulikuja kwa miguu. Mhariri wangu hakuwa na mshahara wa kunipa. Klabu ilikuwa na bahasha. Nilijiambia kwamba naandika nionavyo, na mara nyingi ilikuwa kweli. Mara nyingi, sisemi siku zote. Kuna kiongozi mmoja ambaye kwa msimu mzima sikuwahi kumuona akikosea.

Tofauti ninayoiona ni mama wa nyanya.

Niliwahi kuandika kwamba kipa mmoja kijana ana mikono ya sabuni. Nilijipongeza sana kwa maneno yale. Alhamisi nikapita soko la Kamalondo, mama mmoja akaniita kwa jina. Alikuwa na gazeti letu kwenye meza, nyanya zimepangwa juu yake, tano tano. Akaondoa fungu moja polepole, nyanya moja baada ya nyingine, mpaka mistari yangu ikaonekana. Hakujua kusoma Kifaransa, mjukuu alimsomea. Akaweka kidole palepale.

"Ni weye uliandika asema mutoto yangu iko na mikono ya sabuni?"

Nikasema ndiyo, mama.

"Ulimuuliza?"

Sikumuuliza. Kidole chake cha kati kilikuwa kimevunjika tangu mazoezi ya Ijumaa, akakifunga na kitambaa ndani ya glavu, kwa sababu kipa wa akiba alikuwa na malaria. Mama aliyasema hayo yote bila kupandisha sauti, huku akiwahudumia wateja wawili. Kisha akarudisha nyanya juu ya jina langu. Toleo lililofuata niliandika mistari kumi na minane kuhusu kidole kile, na nikapeleka nakala sokoni kwa mkono wangu. Alinipa nyanya tatu. Ile pia ni kupage, najua.

Leo kijana yule angetukanwa kwa saa mbili, na watu elfu, wengine wako Kolwezi, wengine Brussels, halafu ukurasa ungefutwa na mambo yangekwisha. Mama angemtafuta nani? Mwezi uliopita nilifuata mechi kwenye simu. Ukurasa mmoja wa Facebook ulitangaza kwamba mchezaji fulani amevunjika mguu. Baada ya robo saa habari ikaondolewa. Hakuna aliyesema samahani, na hakuna karatasi ya kuweka chini ya nyanya.

Na vilabu navyo vimejifunza. Vina kamera zao, tovuti zao, wasemaji wao wenye fulana nzuri. Picha ni safi kuliko zetu, takwimu zipo, mazoezi unayaona. Lakini kijana mmoja ninayemfahamu aliuliza kocha kuhusu posho za wachezaji ambazo zilikuwa hazijalipwa. Mechi iliyofuata jina lake halikuwa kwenye orodha ya mlangoni. Alitazama kwenye televisheni ya baa, akaandika hivyo hivyo, kwa simu, na betri yake ikaisha dakika ya sabini.

Nisisahau Desemba 2010. Mazembe waliifunga Pachuca, wakaifunga Internacional ya Brazil 2–0, mabao ya Kabangu na Kaluyituka, kipa Kidiaba akirukaruka kwa makalio mbele ya dunia nzima. Ilikuwa timu ya kwanza kutoka nje ya Ulaya na Amerika ya Kusini kufika fainali ya vilabu vya dunia. Fainali ilichezwa Jumamosi tarehe 18, Inter ya Italia wakatupiga 3–0. Sisi tulitoka Jumanne, na watu wote walikuwa wameshaona kila kitu kwenye skrini. Nilimwambia mhariri tupige chapa kidogo. Ziliisha kabla ya saa nne. Kinyozi mmoja wa Katuba alibandika ukurasa ule kwenye kioo, ukakaa pale miaka, mpaka Kidiaba akageuka kijani kwa unyevu.

Nasikia hata kwa matajiri mambo ni hayo. France Football iliacha kutoka kila wiki, tangu 2021 ni ya kila mwezi. New York Times walifunga idara yao ya michezo mwaka 2023. Sawa. Wao walikuwa na kitu cha kufunga.

Kuna jambo moja simu imetushinda nalo, na nalikubali bila ubishi. Magazeti yetu yaliandikwa Kifaransa. Mjumbe ilikuwa na jina la Kiswahili na ndani yake Kifaransa kitupu. Mji unazomea kwa Kiswahili, unalia kwa Kiswahili, halafu mimi naenda kuutafsiri kwenye meza kwa mshumaa. Sasa kila Jumapili natuma sauti ya dakika tatu kwenye kundi la WhatsApp, kwa Kiswahili chetu hiki cha Lubumbashi, na manseba, wale wa teksi za pikipiki, wanaisikiliza wakingoja abiria. Mama wa nyanya asingehitaji mjukuu. Ila sauti ya wiki iliyopita siwezi kuipata tena. Nilibadilisha simu.

Jana, Jumapili, nilirudi kwa mama wa kalanga kabla ya mechi. Nilitaka ile nusu ya pili ya ukurasa, yenye matokeo. Nilinunua pembe tatu kwa mpigo. Ya kwanza ilikuwa karatasi ya hesabu, sehemu na desimali. Ya pili imla ya Kifaransa. Nikamuuliza magazeti yako wapi.

"Jurnali iko nguvu kupata, papa. Ile ya jana ilikuwa ya mwisho. Sasa nafungilia mu makaye ya batoto."

Nikafungua ya tatu. Sarufi, nne juu ya kumi, kalamu nyekundu, na chini mwalimu ameandika: rudia. Nikala kalanga zake nikielekea uwanjani.