Picha tano za kuhe zinatosha kuifundisha mashine

Kumtambua kuhe kati ya samaki wa Ziwa Tanganyika wanaoshushwa Kibirizi, mwalo wa Kigoma, hakudai maelfu ya picha. Tano zinatosha kuanzia, mradi utumie modeli, yaani programu ya kutambua picha, iliyokwisha kufundishwa kwa picha za vitu vingine: mbwa, magari, vikombe. ResNet-18, mojawapo ya modeli hizo, inafaa, na kompyuta ya kawaida inaimudu.

Ondoa tabaka la mwisho la modeli, lile linalotaja majina. Sasa kila picha ya pikseli 224 kwa 224 inatoka ikiwa safu ya namba 512. Piga picha tano za kuhe, tano za mgebuka, tano za sangala, kisha tafuta wastani wa kila kundi. Akija samaki mgeni, pima umbali wa safu yake hadi kila wastani. Ulio karibu zaidi ndio unaompa jina. Watafiti wa akili bandia Snell, Swersky na Zemel walijenga njia yao ya mwaka 2017 juu ya wastani wa namna hii.

Ila mashine hailinganishi samaki, inalinganisha picha. Kuhe wote wakipigwa ndani ya beseni la bluu, chochote kitakachoingia beseni hilo kitaitwa kuhe. Changanya turubai, mchanga na mbao, au kata picha abaki samaki peke yake.

Dagaa ndio wasumbufu. Wabichi wanang'aa, wakavu wamefifia na kujikunja. Wastani wa pamoja huangukia katikati, mahali pasipo na dagaa yeyote. Weka wastani mbili, jina moja.

Urefu nao haumo pichani, na mgebuka mchanga hupotea kwa urahisi kati ya dagaa. Rula pembeni haisaidii, mashine haiisomi. Pima sentimita mwenyewe, uziongeze kama namba ya 513, lakini uzipunguze kwanza zilingane na nyingine, la sivyo zitazimeza zote.

Huu ni ulinganishi wa sura tu. Kwamba mgebuka kwa dagaa wa Tanganyika ni kama sangara kwa dagaa wa Victoria, yaani mlaji na mliwa, ni mlinganisho wa mahusiano, ule aliouchambua mwanasaikolojia Dedre Gentner mwaka 1983. Namba 512 za picha haziufikii.

Mwisho, weka kikomo cha umbali, maana hata kandambili itapewa jina la samaki. Pima kila picha dhidi ya wastani wa wenzake bila yenyewe, chukua umbali mkubwa kuliko wote, ongeza kidogo. Anayezidi hapo, mashine ijibu "simjui", na picha yake iwekwe kando. Zikifika tano zinazokaribiana, muulize mvuvi jina, ufungue kundi jipya.