Kikapu cha Dirishani

Jana nikikata tiketi za Desemba, binti yangu akaniuliza, "Ati bibi aliwahi kukukataza kuingia kwake?" Hayo kayatoa kwa mjomba wangu, na mjomba hasimulii jambo bila kulitia chumvi.

Ilikuwa mwisho wa Julai 2020, wakati wa korona. Kutoka na kuingia Nairobi na Mombasa kuliruhusiwa tena tarehe 7, lakini mimi nilibaki nikijishauri. Rais alifungua barabara huku akitusihi tuwaonee huruma wazee. Misikitini wenye zaidi ya miaka 58 walizuiwa, na mama umri huo alishauvuka. Sasa nishike lipi? Mama, aliyefungiwa Mji wa Kale, Mombasa, mwezi Mei, Idi ya Mfunguo Mosi ikampita simuni, alisema neno moja tu: "Mfunguo Tatu sili peke yangu."

Basi liliondoka asubuhi kwa ajili ya kafyu ya usiku, viti nusu vitupu, na nauli yake tukailipa sisi tuliokaa. Kondakta alinipima joto kipajini, kipimo kikasoma 34 na kitu. "Dada, wewe ni marehemu," akasema, akanipandisha. Mtito Andei vumbi likanikaba. Nilikohoa mara moja, kikohozi cha pili nikakimeza hadi machozi yakanitoka, maana basi zima lilishageuka kunitazama.

Mtaani nilifika jua likizama. Barazani walikuwa wale wale, barakoa videvuni. Waliponiona zikapanda puani zote kwa pamoja. "Katoka Nairobi huyo," jirani mmoja akasema, wala hakunong'ona.

"Simama hapo hapo!" Mama, dirisha la juu.

Akateremsha kikapu kwa kamba, kile anachonunulia samaki kwa wachuuzi. Ndani mlikuwa na kipande cha sabuni, chupa ya maji na leso safi. Nikanawa uchochoroni mbele ya hadhara, mikono hadi viwikoni, uso, mpaka nyuma ya masikio, kila jicho likihakikisha. Kikapu kikapanda, kikashuka tena na viazi vya karai na ukwaju kwenye kibakuli. Nikala nimesimama. "Utalala kwa mjomba wako! Siku kumi na nne!" Alipaza sauti hata wa Makadara wangesikia.

Saa tatu kafyu ikaingia, baraza zikaachiwa paka. Simu ikalia. "Uko wapi wewe? Wali unapoa. Pitia uani."

Ua wetu na wa mjomba ni mmoja. Mama alifungua bila barakoa, akanishika uso kwa mikono miwili. Nikarudi nyuma.

"Mama, nimetoka kwenye basi la watu."

"Na mimi nimetoka kwenye nyumba ya mtu mmoja. Ingia."

Nikaingia. Mpaka leo sijui kama aliniamini mimi, alimtegemea Mungu, au alichoka tu kula peke yake. Hakuugua mtu, lakini hilo halinipi ushahidi wa kitu, huenda tungezika.

Siku ya Idi, jirani yule mwenye sauti alikuja kuchukua sahani yake ya nyama, mkono ndani, mwili nje. Akauliza hali yangu. Mama akamwambia niko kwa mjomba, siku zangu bado. Mimi niko nyuma ya pazia, natafuna polepole nisisikike.