Bimkubwa hataki mwanga wa njano

Nilipomaliza kupiga chokaa kuta za nyumba yetu ya Malindi, hapa Mji Mkongwe, nilinunua globu za mwanga wa njano, za kelvini 2700, nikazifunga ukumbini na katika chumba cha bimkubwa. Kipimo hicho huwachanganya wengi, kwa kuwa namba inavyopungua ndivyo mwanga unavyozidi unjano: moto wa mshumaa uko karibu na 1900, ilhali globu nyeupe zilizojaa madukani mwetu aghalabu ni 6500. Hizo nyeupe mimi sizipendi, kwani juu ya chokaa hutoa weupe wa kibuluu, boriti darini zikaonekana kijivu, na mtu aliyekaa ukumbini akafanana na anayesubiri kuitwa na daktari.

Bimkubwa alivumilia usiku mmoja tu. "Mwanangu, mimi nimekulia kwenye kibatari," aliniambia asubuhi, "huo unjano nimeshaushiba." Kwake yeye njano ni masizi ukutani na harufu ya mafuta ya taa, na mwanga mweupe ni karabai, iliyowashwa palipokuwa na maulidi au harusi. Mimi mwenyewe, tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, umeme unaotoka Bara kwa waya wa chini ya bahari ulipokatika na Unguja ikakaa gizani takriban miezi 3, nilikula chajio kwa mishumaa na vibatari hadi nikavichukia. Mapenzi yangu ya njano, nikiri, nimeyaokota baadaye katika mahoteli ya wageni.

Kulikuwa na kosa jingine, nalo lilikuwa langu. Bimkubwa hushona kofia za viua, na vitundu vile havionekani kwa globu dhaifu. Tumezoea kuuita mwanga mweupe "mkali", tukichanganya rangi na wingi, ilhali wingi hupimwa kwa lumeni, nazo huandikwa kwenye boksi. Nikaiondoa globu ya lumeni 450 nikamletea ya 1500, njano vilevile. Alitunga uzi kwenye sindano, akakubali kuwa anaona, kisha akasema uzi wake mweupe umegeuka samli.

Sikuwa na jibu. Chumbani mwake sasa imo 6500, na ukumbi umebaki wangu. Nilimwomba angalau aizime mapema, kwa kuwa mwanga wenye buluu nyingi usiku huchelewesha usingizi. Akanijibu kwamba yeye akishasali Isha hulala, na anayekesha na simu usoni ni mimi.