Mombasa kwa mwendo wa Mama

Karatasi ilikuwa na sehemu kumi na moja. Niliiandika kwa kalamu nyekundu, ile ninayoandikia vipimo vya wateja, nikaikunja mara nne nikaitia kwenye pochi. Nyingi kati ya hizo kumi na moja alizitaja wifi yangu. Yeye ni muuguzi, likizo yake huja kwa siku mbilimbili, na akizipata hataki zipotee. Alisema nauli ya watu watano si kidogo, basi tukifika tuuone mji wote.

Tulikuwa watano: Mama, ambaye ana miaka 72 na magoti yanayomsumbua tangu masika, wifi, shoga yangu niliyesoma naye tangu darasa la kwanza, mwanangu wa kiume wa miaka 10, na mimi, fundi cherehani wa Ngamiani. Kwetu Tanga wenyewe husema waja leo waondoka leo, lakini kwa Mombasa tulijipa usiku mbili, Ijumaa hadi Jumapili. Mama hakuwa amefika Mombasa tangu mimi sijazaliwa.

Kutoka Tanga hadi Horohoro, mpakani, ni kilomita 65 za lami nzuri. Tukagonga mihuri, tukabadilisha pesa, tukapanda matatu ya Likoni upande wa Lungalunga. Njiani sina la kusimulia, minazi na mikorosho kama ya kwetu. Likoni ndipo safari ilipoanza. Hapo mnavuka maji kwa feri, na anayevuka kwa miguu halipi kitu. Mnasubiri kwenye banda pamoja na mamia ya watu, geti likifunguliwa umati unashuka mteremko kwa kasi, wengine na baiskeli, wengine na matenga ya maembe kichwani. Mimi nilimshika Mama mkono wa kulia, shoga yangu wa kushoto, tukawaacha wenye haraka wapite. Tulipokuwa katikati ya maji, meli ya makontena ilikuwa inaingia bandari ya Kilindini, kubwa kuliko jengo lolote lililoko Tanga. Mama akaikazia macho mpaka ikapotea. Tulipofika ng'ambo akauliza, "Tumeshamaliza?" Sikulitilia maanani swali hilo. Nilikuwa natafuta tuktuk, ndiyo wanavyoita bajaji.

Chumba tulichokodi kwa kuona picha kwenye simu kilikuwa ghorofa ya tatu, na picha hazikuonyesha ngazi. Maji hayakuwepo pia. Kijana mwenye mkokoteni akatuuzia mitungi minne ya lita 20 na kuipandisha yote juu mwenyewe. Namkumbuka kwa shukrani kuliko ninavyomkumbuka mwenye nyumba.

Jumamosi tukaanza na Pembe za Moi Avenue, kwa sababu ndizo zilizoandikwa namba moja. Ni sanamu za pembe za ndovu, za aluminiamu, zimepishana juu ya barabara kama herufi M. Tukapiga picha, tukaondoka. Dakika kumi. Wifi akatia alama ya vema kwenye karatasi, na ile alama ikampa moyo.

Namba mbili ilikuwa ngome ya Fort Jesus.

Mama aliingia kwenye lango polepole, akaweka kiganja ukutani, akakiacha pale. "Haya ni mawe ya Tongoni," alisema. Kweli ni matumbawe yaleyale, ya bahari hii moja. Ila magofu ya Tongoni kwetu ni msikiti na makaburi, watu waliojenga kwa ajili ya sala na wafu wao. Hii Wareno waliijenga kuanzia 1593 hadi 1596 kwa ajili ya mizinga, kwa ramani ya Mtaliano aliyeitwa Giovanni Battista Cairati. Mtembezaji wetu, mzee wa kiasi, mwenye kofia ya vito na sauti ya upole, alitueleza kwamba ukiitazama kutoka juu imechorwa kama mtu aliyelala. Waingereza wakaja kuifanya jela, na jela ikabaki mpaka 1958. Mama alikuwa na miaka mitano mwaka huo. Nilimwona akihesabu kwa vidole.

Tulipofika nusu ya uwanja akasema magoti hayataki tena, akaketi kivulini. Wifi akatazama saa. Zilikuwa zimebaki sehemu tisa. Akapendekeza Mama apumzike hapo na mtoto, sisi tumalize haraka kisha tumpitie. Hakusema kwa ubaya, leo nalijua hilo. Pale nilimjibu kwa sauti ambayo sikupaswa kuitumia, mbele ya mtoto na mbele ya mgeni. Nilimwambia kama amekuja kukimbizana, akimbizane peke yake. Akageuka akaenda zake upande wa lango.

Shoga yangu hakusema neno. Alifungua chupa ya maji akampa Mama, akakaa chini kando yake, viatu akavua. Na yule mzee mtembezaji, badala ya kutuhimiza tuendelee, naye akaketi.

Ndipo akatusimulia mazingiwa. Machi 1696 Waarabu wa Omani waliizingira ngome ile, na hawakuiteka mpaka Desemba 1698. Miezi 33. Mama akamkatiza hapohapo: "Walikuwa wanakula nini?"

Mzee alitabasamu, akasema wageni wengi humuuliza kuhusu mizinga. Akatueleza habari za chakula kilichopitishwa kwa mitumbwi usiku, na cha kutoka visiwa vya kaskazini, na jinsi kilivyopungua. Wifi alikuwa amerudi, sikujua amesimama nyuma yangu tangu lini. Akauliza, "Waliugua nini?" Nikahama kidogo, akakaa.

Maradhi yaliua kuliko silaha, mzee alisema, tauni ikiwemo. Ilipofika katikati ya 1697 Wareno waliokuwamo ndani walikuwa wamekwisha takriban wote. Ngome ikabaki mikononi mwa mshirika wao Sheikh Daud wa Faza, kisiwani Pate, jamaa zake wachache, wanaume wa Kiafrika wasiofika kumi, na wanawake wapatao 50. Hao ndio walioishikilia kwa miezi, mpaka msaada ulipofika kwa bahari.

Wanawake hamsini. Nimesoma historia shuleni, nimeona picha za ngome hii kwenye kalenda tangu utotoni, na sikuwahi kusikia habari zao. Nilimuuliza mzee majina. Hakuwa na hata moja la kutupa. Mama akauliza kama walikuwa na watoto humo ndani. Wifi akataka kujua nani aliwauguza wagonjwa. Mimi nilikuwa nawaza walivaa nini mwaka wa pili, nguo zilipochakaa, na kama kulikuwa na sindano. Mnaweza kuona kila mtu alivyokuwa akiulizia kazi yake. Tulikaa pale zaidi ya saa nzima, jua likihama na sisi tukihama na kivuli.

Baadaye, kwa mwendo uleule, tukaona ukuta wenye michoro ya mashua na samaki, iliyochorwa na askari wa Kireno kwa mkaa na udongo mwekundu. Tukaona na vitu vilivyotolewa chini ya bahari kwenye Santo António de Tanná, meli iliyozama hapohapo mbele ya ngome mwaka 1697, mwaka wa wale wanawake. Huenda waliiona ikizama. Mwanangu alisimama kwenye tundu la mzinga akachungulia maji kwa muda mrefu sana.

Nilimwomba wifi radhi tulipotoka, langoni. Alisema, "Yameisha." Naye hasemi hivyo kama hayajaisha.

Kutoka ngome unaingia Mji wa Kale kwa barabara inayoitwa Ndia Kuu. Mwanangu akasoma kibao, akaniambia wamekosea kuandika njia. Bibi yake ndiye aliyemjibu. Alimweleza kwamba Wamvita, wenyeji wa Mombasa, wanasema ndia, kama wanavyosema mato kwa macho na ndoo kwa njoo, kwamba Muyaka bin Haji alitunga mashairi yake kwa lugha hiyo, na mtu aliyesema hivyo hakuambiwa amekosea. Mtoto akatembea hatua chache, akafikiri, akasema, "Bibi, nina ndaa." Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Tukala viazi vya karai vya moto kwa chatne ya ukwaju, tumekaa kwenye baraza ya nyumba ambayo mwenyewe alitukaribisha bila kutujua. Tulipita mbele ya msikiti wa Mandhry, unaosemwa ni wa 1570, mnara wake mnene kwa chini na kuchongoka juu. Watu walikuwa wanatoka kuswali adhuhuri. Hatukuharakisha chochote.

Karatasi ilikuwa bado na wifi. Alinirudishia akisema tuchague mbili tu, na moja achague Mama.

Mama alichagua Biashara Street. Mimi pia ningeichagua. Mombasa wanaziita leso, sisi kanga, na mtaa ule umejaa kila upande, zimetundikwa toka dari hadi sakafu. Kwa wasioshona niwakumbushe: kanga ina pindo kuzunguka, ina mji, ambao ndio uwanja wa katikati, na ina jina, yaani yale maneno ya chini. Mnunuzi wa haraka hutazama rangi. Mama hutazama jina kwanza, halafu hushika kitambaa baina ya vidole viwili, halafu ndipo hurudi nyuma kuutazama mji. Alifunuliwa kanga zaidi ya ishirini. Muuzaji kijana hakuchoka, akawa anasoma majina kwa sauti, na Mama akimwambia hili zuri, hili la ugomvi, hili mpe adui yako. Mwisho akachukua doti moja ya mji wa rangi ya zafarani na pindo jeusi. Jina: Wema hauozi.

Muuzaji akasema fundi wa nje atakata na kupinda kwa dakika tano. Mama akakataa, akanionyesha kwa kidole: "Fundi wangu huyu." Akaomba ikatwe tu. Kipande kimoja akakitia kwenye mkoba wake, kingine akamtandikia wifi begani. Hakutoa maelezo.

Ya pili ilikuwa Lighthouse, na hii nawashauri wote mwende jioni, jua likielekea kuzama. Ni ufukwe wa mawe ulioinuka, mkabala na mlango wa bahari, una mibuyu mikubwa ajabu, na familia zimekaa kwa mikeka na kwenye kuta. Mihogo inakaangwa hapohapo, inapasuliwa katikati, inatiwa chumvi, pilipili ya unga na ndimu. Tulikula, tukaagiza tena, tukanywa madafu. Shoga yangu aliniambia pale jambo la nyumbani kwake alilokuwa nalo moyoni tangu mwaka uliopita, ambalo siliandiki hapa. Tunakaa mitaa miwili tu mbali, tunaonana karibu kila siku dukani kwangu, na cherehani haikuwahi kunyamaza kiasi cha yeye kulisema.

Jumapili asubuhi nikakumbuka lile swali la Mama la kwenye feri. Nikamuuliza, kama tuna saa tatu kabla ya kuondoka, angependa kuona nini. Akasema, "Yale maji. Na meli." Aliona haya kulisema, kwa kuwa halikuwemo kwenye karatasi.

Mabegi tukamwachia mlinzi, tukaenda. Jumapili asubuhi banda la kivuko halina ule umati, geti likifunguliwa mtu mzima anashuka kwa raha yake. Tukavuka kwenda Likoni, tukashuka, tukazunguka kungoja, tukavuka kurudi. Mama akasema mara moja zaidi. Tukavuka tena na kurudi tena. Mvuko wenyewe ni wa dakika chache tu, mkondo hauzidi sana nusu kilomita, ila ukiwa umekaa pembeni upepo unakupiga usoni, na feri inasimama kungoja meli kubwa ipite, na mnakuwa mmetulia katikati ya maji watu wote pamoja. Mwanangu aliomba karatasi akaniandikia, nyuma ya ile orodha, kila chombo alichokiona: meli za makontena 3, ya mafuta 1, tagi za kuvuta meli 4, ngalawa 6. Wifi hakupiga picha hata moja ya meli. Alimpiga Mama, kwa ubavu, ushungi unapepea, na ndiyo picha iliyoko sasa kwenye ukuta wa sebule yake.

Mvuko wa sita ulikuwa wa kurudi nyumbani, saa tano, na mabegi. Sehemu sita za kwenye orodha hatukuziona kabisa. Haller Park, ile bustani ya wanyama ya Bamburi, mwanangu ananidai, na nimemwahidi.

Jumanne usiku wateja walipokwisha nilikitandaza kipande cha Mama mezani ili nikipinde. Kwenye pindo, karibu na jina, kulikuwa na alama ya kidole yenye pilipili ya mihogo. Alikuwa amejifunika nacho Lighthouse upepo ulipozidi. Nikashona upande mwingine kwanza.