Hakuuliza nani alibofya

Kompyuta yetu ya nyumbani imepona, na nataka kuandika jinsi ilivyopona kabla mambo hayajanichanganyikia kichwani. Tatizo lenyewe halikuwa la ajabu. Programu za matangazo zimejaa kila mahali, na wengi wanaishi nazo wakidhani mashine imezeeka tu. Ninaandika kwa sababu ya namna binti wa kaka yangu alivyotusaidia. Kazi yake ni kuhudumia kompyuta, na katika maisha yangu nimesaidiwa na mafundi wengi, lakini sijawahi kusaidiwa namna ile.

Dalili zilianza kidogo kidogo. Ukifungua kivinjari, badala ya ukurasa wa kutafutia tuliouzoea unakuja mwingine unaofanana nao, wenye kisanduku katikati na jina ambalo hakuna aliyelijua. Ukitafuta kitu, majibu ya mwanzo yote ni matangazo. Ukisoma habari, maneno ya kawaida kabisa yamegeuka viungo vilivyopigiwa mistari miwili, na kipanya kikipita juu yake kidirisha kinafunguka. Baadaye yakaja yale ya pembeni ya skrini, upande wa kulia chini: kisanduku chekundu kinachosema kompyuta ina virusi vingi na ulinzi umekwisha muda wake, bofya hapa upesi. Kilikuwa kinatokea hata mtu akiwa anaandika barua tu. Na mara nyingine zilitokea picha ambazo hutaki zitokee mbele ya watu wa nyumbani kwako.

Hizo picha ndizo zilizotuharibia zaidi kuliko polepole ya mashine. Kompyuta ni moja na tunaitumia sote, kwa hiyo kila mtu alianza kumtazama mwenzake. Watoto wakawa wanaifunga haraka mtu akiingia chumbani. Mama mkwe wangu, ambaye kusoma habari pale ilikuwa starehe yake ya jioni, akaacha kabisa. Nilipomuuliza akasema macho yanamsumbua. Haikuwa macho. Alikuwa anaogopa kwamba yeye ndiye aliyeiharibu, na alijua kwamba siku itakapoletwa kwa fundi ataulizwa alikuwa anafungua nini.

Nilipompigia binti simu, aliniambia mambo mawili kabla hata sijamaliza kueleza. "Shangazi, chochote kinachojitokeza chenyewe na kusema bofya, msikibofye. Na kama kuna namba ya simu kwenye skrini, msiipige hata iwe na nembo gani." Microsoft wenyewe wanasema maonyo yao ya kweli hayawekwi namba ya simu kamwe. Anayepokea simu hiyo atakuomba umruhusu kuingia kwenye kompyuta yako kutoka mbali, akufungulie orodha ya makosa ambayo kila kompyuta duniani inayo, akutie hofu, halafu akudai malipo ya kuirekebisha.

Alipofika, alikaa, akatutaka sote tusogee karibu, na swali lake la kwanza likawa: "Ilianza lini?" Hakuuliza nani alikuwa anaitumia, wala nani alipakua nini. Mume wangu alikuwa tayari ameanza kutaja majina, naye akamkatiza kwa heshima: "Baba, tarehe inanitosha."

Na kweli ilitosha. Alifungua orodha ya programu zilizosakinishwa akaipanga kwa tarehe. Zikajitokeza nne za siku moja: kigeuzi cha faili za PDF, kitu kinachojiita msaidizi wa manunuzi, kingine kinachodai kusafisha kompyuta, na kivinjari ambacho hatujawahi kukiomba. Moja kati ya hizo ilitafutwa na mtu aliyekuwa na haja nayo ya halali. Tatu zilipanda mgongoni mwake.

Faili la kigeuzi lilikuwa bado limo kwenye folda ya vipakuliwa. Kwenye kompyuta yake mwenyewe binti ana programu inayotengeneza kompyuta nyingine ya bandia ndani yake, ambayo ukiiharibu unaifuta na ile ya kweli haiguswi. Akalipeleka faili humo, akaliendesha taratibu, kidirisha kimoja baada ya kingine, na akamwita mama mkwe wangu aje akae mbele kabisa.

Nitakieleza kidirisha cha pili kama nilivyokiona. Kulikuwa na vitufe viwili vya duara. Cha kwanza kimeandikwa kwa herufi nzito: usakinishaji wa haraka, unaopendekezwa. Cha pili kimeandikwa kwa kijivu hafifu: usakinishaji maalumu, kwa wataalamu. Nani kati yetu atajiita mtaalamu? Ukichagua cha haraka, unaruka moja kwa moja hadi mwisho. Binti akachagua cha wataalamu, na hapo ndipo vikafunuliwa visanduku vitatu vilivyokwisha kutiwa tiki: badilisha ukurasa wangu wa mwanzo, weka msaidizi wa manunuzi, niwekee kivinjari hiki. Kidirisha kilichofuata kilikuwa na kitufe kikubwa cha kijani cha kukubali ile programu ya kusafisha kompyuta. Cha kukataa kilikuwepo, lakini kilipakwa rangi ile ile ya vitufe visivyofanya kazi, ili jicho likipite.

Mama mkwe wangu aliangalia mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kwa hiyo anayefuata maelekezo yao ndiye anayeumia?"

"Ndiyo, bibi. Ndivyo walivyopanga."

Nadhani kushukiana kote kwa nyumba yetu kuliisha pale. Sijui ni nani aliyelipakua lile faili na sitamuuliza mtu. Tulikuwa tumeanza kutafuta mkosaji ndani ya nyumba wakati aliyekaa chini na kuchagua rangi ya kitufe cha kukataa hakuwa mmoja wetu. Yule analipwa kwa kila kompyuta anayofanikiwa kuingiza programu ya mwenzake. Hii ni biashara ya muda mrefu. Mwaka 2006 kampuni ya Zango ya Marekani ilikubali kulipa dola milioni 3 kwa tume ya biashara ya nchi hiyo, FTC, kwa sababu ya kusambaza programu za matangazo bila idhini ya kweli ya watumiaji na kuzifanya ngumu kuondoa.

Binti alitupa mfano mwingine ambao mimi sikuujua, na ulimtuliza mama mkwe kuliko yote. Mwaka 2014 baadhi ya kompyuta za Lenovo ziliuzwa zikiwa na programu iitwayo Superfish ndani yake tayari. Ilichomeka matangazo kwenye kurasa ulizokuwa unasoma, na ili iweze kufanya hivyo hata kwenye kurasa zenye alama ya kufuli, ilijiwekea kwenye kompyuta cheti chake cha usalama, yaani kitambulisho ambacho kivinjari hukitazama kujua kama tovuti ni ya kweli. Ufunguo wa cheti hicho ulikuwa ule ule kwenye kila mashine, kwa hiyo aliyeupata angeweza kujifanya benki yako na kivinjari kisishtuke. Ilipofichuliwa Februari 2015 ulikuwa mzozo mkubwa, na mwaka 2017 kampuni ilifikia makubaliano na FTC na kulipa majimbo ya Marekani dola milioni 3.5. Wenye kompyuta zile hawakupakua chochote. Walifungua tu boksi.

Kazi ya kusafisha yenyewe ilianza kwa kitu kisicho na mvuto: kunakili picha na nyaraka zetu kwenye diski ya nje. Nyaraka tu, programu hapana. Kisha akaziondoa zile programu moja moja kupitia mipangilio, na hata hapo tulibembelezwa. Ile ya kusafisha kompyuta ilifungua ukurasa wa kuuliza kama kweli tunataka kubaki bila ulinzi, kitufe cha kubaki nayo kikiwa pale ambapo mkono umezoea kukuta cha kuendelea.

Baada ya hapo alitumia AdwCleaner, programu ya kusaka na kuondoa programu za matangazo, ambayo ni ya bure na tangu mwaka 2016 inamilikiwa na kampuni ya Malwarebytes. Alisisitiza ipakuliwe kwa mtengenezaji mwenyewe, maana zimewahi kuwepo nakala bandia zinazotumia jina hilo hilo kudai fedha. Ilipomaliza kuchunguza ilitoa orodha ndefu. Mimi ningebonyeza kitufe cha kufuta papo hapo. Yeye aliisoma mstari kwa mstari, akitueleza huu ni wa folda, huu ni wa rejista ya Windows, yaani daftari la mipangilio yake, huu ni wa kiendelezi, kile kiprogramu kinachoongezwa ndani ya kivinjari. Alisema hajawahi kujuta kwa kusoma orodha. Vitu vikawekwa karantini, yaani vikafungiwa pembeni visiweze kufanya kazi, kompyuta ikajizima na kuwaka.

Na ule ukurasa bandia ukarudi.

Mume wangu alikata tamaa, akasema bora Windows ifutwe yote iwekwe upya. Binti hakupinga, alisema hiyo ni njia halali na wakati mwingine ndiyo ya haraka, ila aliomba kwanza atazame kitu kimoja. Alibofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya ikoni ya kivinjari iliyo kwenye skrini, akafungua sifa zake. Kuna mstari unaoonyesha ikoni inafungua faili gani. Ulianza vizuri, ukapita kwenye folda za kawaida, ukafika kwenye jina la kivinjari na alama ya kufunga nukuu. Kisha, baada ya nafasi, kulikuwa na anwani ya ule ukurasa bandia. Kisanduku ni kifupi, kwa hiyo anwani haikuonekana mpaka alipoburuza mshale hadi mwisho wa mstari. Kivinjari chenyewe kilikuwa kizima. Ikoni ndiyo iliyokuwa inakituma kule kila asubuhi. Akafuta yale maneno ya ziada, na hilo likaisha.

Lakini hakuamini kwamba kuna mtu aliyeiandika anwani ile mara moja na kuondoka. Akaingia kwenye kipanga kazi cha Windows, na miongoni mwa kazi za kawaida akaikuta moja yenye jina la herufi ovyo, iliyopangwa kuamka kila mtu anapoingia kwenye kompyuta na kuendesha faili lililojificha kwenye folda ya muda. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikirudisha kila kitu. Ikafutwa pamoja na faili lake. Akakagua pia sehemu mbili zinazoweza kuielekeza kompyuta kwenye tovuti nyingine bila wewe kujua, mipangilio ya proksi na faili la hosts, vyote vikawa salama. Kwenye menyu ya kivinjari kulikuwa na maneno kwamba kinasimamiwa na shirika lako, jambo lisilo na maana kwenye kompyuta ya nyumbani kama yetu, na kumbe kuna kiendelezi kilichokuwa kimejilinda kwa sera, yaani masharti ya aina ambayo kampuni huweka kwenye kompyuta za wafanyakazi wake, ili kitufe cha kukiondoa kisifanye kazi. Sehemu hiyo aliifanya haraka na sikuifuata yote.

Visanduku vyekundu vya virusi ndivyo nilivyoviogopa zaidi, na ndivyo vilivyokuwa vyepesi kuliko vyote. Havikutoka kwenye programu yoyote. Kuna tovuti zinazokuonyesha maneno "bofya Ruhusu kuthibitisha kwamba wewe si roboti", na kile unachoruhusu ni tovuti hiyo kukutumia arifa wakati wowote. Kuanzia hapo inakuandikia inavyotaka, na Windows inakionyesha kisanduku mahali pale pale inapoonyesha maonyo yake ya kweli. Binti akafungua orodha ya tovuti zilizoruhusiwa kutuma arifa, kisha akasimama na kumpisha mama mkwe wangu kitini. "Bibi, zisome. Usiyoijua, iondoe." Akavaa miwani, akaziondoa zote isipokuwa gazeti lake. Lile onyo jekundu lililomfukuza kwenye kompyuta alilizima kwa mkono wake, na halijaonekana tena.

Kabla ya kuondoka alitutaka tubadilishe manenosiri ya barua pepe na benki, kwa kutumia kifaa kingine ambacho hakikuguswa na mambo haya. Nilidhani anazidisha, mpaka aliponionyesha ruhusa aliyokuwa nayo yule msaidizi wa manunuzi: kusoma na kubadilisha data yako yote kwenye tovuti zote. Anayechomeka tangazo kwenye ukurasa lazima kwanza ausome ukurasa. Tukabadilisha. Akatuwashia pia kinga ya Windows dhidi ya programu zisizotakiwa, na akamtengenezea kila mmoja akaunti ya kawaida, ile yenye mamlaka ya kusakinisha ikabaki peke yake, na nenosiri lake ninalo mimi.

Niliogopa watoto wataliona hilo kama adhabu. Binti aliwaambia kwamba na yeye kwenye kompyuta yake hufanya kazi kwenye akaunti ya kawaida, na walipoona ni kweli hawakulalamika. Juzi mdogo alitaka programu ya kuhariri video, akaniita niandike nenosiri, na tukapitia vidirisha pamoja. Alichagua usakinishaji maalumu bila kuambiwa. Kulikuwa na kisanduku kimoja cha kuongeza upau wa zana kwenye kivinjari, akakitoa tiki, akatafuta kama kuna kingine, hakukuwepo. Sasa anahariri, na mama mkwe wangu amemwekea sharti kwamba ikifika saa yake ya habari ampishe kiti.