Mama mdogo na zile dola 350

Jumapili, saa nne usiku.

Mchana nilikuwa napanga upya kabati la vitabu, nikakutana na picha ya mama mdogo, ile aliyopiga studio Ujiji akiwa na kitenge cha zambarau. Alifariki Machi 2000. Nilikuwa darasa la sita. Nyumbani hakuna aliyeutaja ugonjwa wake kwa jina. Watu walisema "anasumbuliwa na kifua", na bibi alimpikia uji wa ulezi uliokuwa haupiti kooni. Aliacha binti mmoja wa miaka mitano.

Ukubwani ndipo nilipojua kwamba mchanganyiko wa dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI ulikuwa ukitumika tangu 1996. Mwaka aliofariki, mgonjwa mmoja alihitaji zaidi ya dola 10,000 kwa mwaka ili aupate. Februari 2001, miezi kumi na moja tu baada ya kumzika, kampuni ya Cipla ya India ikajitokeza kuliuzia shirika la Madaktari Wasio na Mipaka mchanganyiko wa namna hiyo kwa dola 350 kwa mwaka. Iliwezekana kwa sababu sheria ya India ya wakati ule ilitoa hataza, yaani ulinzi wa mvumbuzi asiigwe, kwa njia ya kutengeneza dawa, si kwa dawa yenyewe, hivyo mwingine aliweza kuitengeneza dawa ileile kwa njia nyingine. Kwa hiyo sehemu kubwa ya zile dola 10,000 haikuwa gharama ya kutengeneza vidonge. Ilitokana na kanuni, na kanuni zina waliozitunga.

Maneno ya kulisema jambo hili nimeyapata kwa Thomas Pogge, mwanafalsafa Mjerumani aliyezaliwa Hamburg 1953 na kusoma kwa mwanafalsafa Mmarekani John Rawls huko Harvard. Kitabu chake cha umaskini wa dunia na haki za binadamu kilitoka 2002. Mwalimu wake aliona kwamba chanzo kikubwa cha umaskini wa taifa kimo ndani ya taifa lenyewe, katika siasa na utamaduni wake, na kwamba matajiri wana wajibu wa kusaidia tu. Pogge akakataa. Wajibu wa kwanza wa mtu, anasema, ni kutomdhuru mwenzake, na nchi tajiri zinawadhuru maskini kila siku kwa kuwawekea taratibu za biashara, mikopo na hataza zinazojulikana wazi kwamba zitawaacha mamilioni katika ufukara, ilhali taratibu nyingine zinawezekana.

Hapo niliweka kitabu chini nikatoka nje kidogo. Tangu utotoni nimesikia Ulaya na Marekani zikitajwa kama wafadhili. Mfadhili unamshukuru. Aliyekukanyaga mguu, akiuondoa mguu wake, hujapewa msaada wowote.

Pogge anashikilia sana ibara ya 28 ya Tamko la Haki za Binadamu la 1948, inayosema kila mtu anastahili mpangilio wa kijamii na wa kimataifa ambamo haki zake zinaweza kutimia. Wa kimataifa! Sisi tuna neno moja, haki, kwa kile anachostahili mtu na kwa uadilifu wa mpangilio mzima, na labda ndiyo maana hoja hii haikunipa shida kuielewa.

Iliyonipa shida ni nyingine. Je, watawala wetu wanaoiba tunawafutia lawama? Jibu la Pogge ni kwamba dunia humtambua yeyote aliyeshika madaraka, hata kwa bunduki, kuwa na uwezo wa kuuza madini ya nchi na kukopa kwa jina lake. Nikamkumbuka Mobutu, aliyetawala ng'ambo ya ziwa letu kuanzia 1965 hadi 1997. Alikopa na kuuza, akaondoka, na deni likabaki kwa Wakongo. Wale niliowaona wakishuka kwenye mitumbwi Kigoma, na magodoro kichwani, ndio waliorithi kulilipa. Kwa hili namwamini Pogge kabisa, ingawa bado naona anawapa wezi wa nyumbani nafasi ndogo mno. Mwalimu Nyerere naye aliwahi kuuliza kama tuwaache watoto wetu wafe njaa ili tulipe madeni, na hakuna aliyemjibu vizuri.

Kwenye dawa Pogge hakuishia kulaumu. Mwaka 2008 yeye na mchumi Aidan Hollis walipendekeza mfuko wa kuzilipa kampuni kadiri dawa zao zinavyopunguza ugonjwa duniani, mradi zikubali kuziuza kwa bei ya kuzitengeneza. Serikali hazijauanzisha mfuko huo kwa kiwango walichokusudia.

Binti ya mama mdogo anakuja Ijumaa. Zamani aliniuliza kama mama yake angeweza kupona, nikamjibu kwamba Mungu alimpenda zaidi. Picha nimeiweka mezani. Akiishaketi na kunywa chai, nitamweleza habari ya zile dola 350.