Injini ya Dunga

Mwaka 1998 nilikuwa koplo wa CID, idara ya polisi ya upelelezi wa jinai, mjini Kisumu, kabla idara haijaitwa DCI. Kesi za mauaji na ujambazi ndizo zilizompa mpelelezi jina. Ninayoienzi mimi ni ya injini ya mashua iliyoibwa usiku ufuoni Dunga.

Mwenye mashua alikuwa mjane aliyesomesha watoto kwa samaki. Alipokuja kituoni, tayari askari wa doria walikuwa wamekamata pikapu ikielekea Busia, mpakani na Uganda, injini imefunikwa magunia, namba yake imekwanguliwa kwa tupa. Mwenzangu alitaka tumfungulie stoo aitambue, mambo yaishe. Nilikataa kata kata. Shahidi akishaonyeshwa kitu, wakili atamuuliza kama si polisi waliomwambia ni chake, na hapo kesi imekufa.

"Mama, nieleze injini yako kabla hujaiona."

"Afande, mkono wa usukani ulipasuka. Fundi wa Kibuye aliufunga kipande cha chuma kwa bolti mbili. Moja inafunguliwa kwa spana, nyingine kwa bisibisi, maana za kufanana zilimwishia."

Alisema kwa Kijaluo. Askari anayekijua aliandika, akatafsiri, akamsomea, naye akaweka dole gumba. Ndipo nikafungua stoo. Bolti zilikuwa pale, moja ya spana, moja ya bisibisi.

Fundi nilimpata Kibuye, na akakubali kufunga kibanda aje mahakamani. Watu husahau kwamba kwa fundi wa jua kali siku ya kutoa ushahidi ni siku ya kulala njaa. Namheshimu hadi leo.

Kesi ilivuta muda. Nilimbana kiongozi wa mashtaka, siku hizo inspekta mwenzetu, aombe injini ipigwe picha na mama arudishiwe, kwa sababu kielelezo kikikaa stoo hadi hukumu, nyumba nzima inakosa riziki. Hakimu alikubali.

Wakili wa mshtakiwa alishikilia kwamba injini za aina ile zimejaa ziwani na hii haina namba. Hakimu alisema mali imethibitishwa kuwa ya mlalamikaji, imeibwa, na imepatikana na mshtakiwa muda mfupi baadaye. Ni juu yake kueleza aliipataje. Hakuwa na maelezo. Alipatikana na hatia ya kushughulikia mali ya wizi, kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu. Mama hakuwepo kusikia hukumu. Mashua yake ilikuwa imeingia na samaki asubuhi hiyo.